Indépendance Cha Cha na jina lisiloitwa

Kila tarehe 30 ya mwezi wa sita, hapa Piana-Mwanga kama vile Manono na Kalemie, ile wimbo inapigwa. Watoto wanacheza, wazee wanatikisa kichwa. Lakini tukiuliza ku masomo: « Majina yanayoitwa ndani ni ya nani? », wengi wanajibu: « Mwalimu, ni kilingala tu. » Ndiyo sababu tunaandika.

Wimbo huu ulizaliwa Bruxelles mwanzo wa mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Table Ronde. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alikuwa huko na wenzake wa African Jazz, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos waliotoka OK Jazz. Makundi mawili ya ushindani yakapiga pamoja: umoja huo ulikuwa wa kweli. Neno « Jazz » lisitudanganye, mwendo ni cha-cha ya Kuba. Gitare ya Docteur Nico inajibu sauti za waimbaji sawa mtu anayezungumza nao. Hapo hatuna lawama.

Lawama yetu iko kwa orodha. Kabasele anaita viongozi na vyama mmoja mmoja, kama mwenye karamu anayepokea wageni. Tshombe anaitwa, Conakat inaitwa. Jason Sendwe, mkubwa wa Balubakat, haitwi. Tunajua, mtunzi hawezi kuweka kila mtu ndani ya wimbo mfupi. Lakini anaimba kama vile wote wamekwisha kupatana. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Vijana wa Balubakat wakakataa, vita ikaingia mpaka Manono, damu ikamwagika. Sendwe mwenyewe aliuawa mwaka 1964 upande wa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Basi, wimbo ulidanganya? Hapana. Kabasele aliimba furaha aliyoiona kwa macho yake. Waliovunja mapatano si wapiga gitare.

Tuendelee kuucheza, ni mali yetu. Ila mzee akae karibu na mtoto, amfasirie majina moja moja. Na lile lisiloitwa, aliite yeye mwenyewe.