Kumlea Mbwa wa Mwingine

Mbwa aliyeokolewa mtaani hafundishwi kwanza kukaa wala kuitika jina. Hufundishwa kwamba akimsogelea mtu, njia ya kurudi nyuma bado iko wazi. Jirani yangu wa Ongata Rongai, ambaye huwapokea mbwa wa namna hii na kuwalea hadi wapate wamiliki, ana ustadi katika jambo hilo ambao si rahisi kuuona, kwa maana ukimtazama utadhani hafanyi kitu. Anakalia ndoo iliyofudikizwa, ubavu ukimwelekea mbwa, macho chini. Mkononi ana vipande vya matumbo yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Anarusha kipande, lakini hakirushi kati yake na mbwa. Anakirusha nyuma ya mbwa, mbali zaidi.

Wengi wetu tungefanya kinyume. Tungemvuta kwa chakula mpaka aufikie mkono. Mbwa mwenye hofu akivutwa hivyo, njaa humpeleka mbele huku mwili wake ukitaka kukimbia, na akishameza hujikuta karibu mno na mkono uleule anaouogopa. Hapo ndipo watu hung'atwa. Kipande kinachotua nyuma humpa chakula na nafasi kwa pamoja. Anakula, anageuka, anasogea tena, na safari hii anakaribia kidogo kuliko mwanzo, kwa hiari yake. Siku zinapita hivyo, umbali akiuamua mbwa.

Wakati huo wote mama huyu anasoma. Mbwa akipiga mwayo ilhali hana usingizi, akilamba midomo ilhali hakuna chakula, weupe wa jicho ukionekana pembeni, uzito wote ukiwa kwenye miguu ya nyuma, basi siku hiyo imetosha. Anainuka polepole na kwenda zake. Nawaheshimu sana watu wanaojua kuacha kazi kabla haijaharibika, na katika ulezi huu kuacha mapema ni nusu ya kazi.

Mbwa wengi wanaookolewa Nairobi hupitia kwenye vituo vya hifadhi ya wanyama kama kile cha KSPCA kule Karen, na kituo chochote, hata kinachoendeshwa kwa moyo, kina kelele. Mbwa mmoja akibweka, wote hubweka. Mwaka 2019 Lisa Gunter, Clive Wynne na wenzao walichapisha utafiti kutoka vituo vitano vya Marekani. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mkojo wa mbwa waliochukuliwa kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au mbili. Ilishuka walipokuwa nyumbani, na waliporudi kituoni ikapanda hadi ilipokuwa mwanzo, isizidi hapo. Jirani yangu hapimi mkojo. Yeye hutazama usingizi. Mbwa mgeni hulala amejikunja, masikio yamesimama, na mlango ukigusika tu yuko wima. Kisha asubuhi moja unamkuta amejinyoosha ubavuni juu ya gunia, miguu ikitikisika kwa ndoto, na unaweza kupita na ndoo ya maji asifumbue jicho. Sijui malipo gani yangezidi hayo. Yeye huyasimulia kuliko anavyosimulia jambo lingine lolote.

Wala si lazima mbwa alale sebuleni. Wake hulala kwenye banda la mabati uani, na hata katika nyumba za Waislamu ambako mbwa haingii ndani, kisa cha mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa na Mungu, kinajulikana vizuri.

Watoto wa mbwa wasio na mama huja na kazi ya namna nyingine. Wiki mbili za kwanza hawawezi kujipasha joto wala kukojoa wenyewe. Huwekewa kando chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, hunyweshwa wakiwa kifudifudi, kamwe si chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni, na baada ya kila mlo hupanguswa kwa pamba yenye maji vuguvugu hadi wakojoe. Kila siku hupimwa kwa mizani ya jikoni. Halafu unafuata wakati ambao watafiti John Paul Scott na John Fuller waliueleza mwaka 1965, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, ambapo mtoto wa mbwa huzoea ulimwengu kwa wepesi ambao hatakuwa nao tena. Shida ni kwamba chanjo bado hazijakamilika, na virusi vya parvo hudumu udongoni miezi mingi. Kwa hiyo anawabeba kwenye kikapu hadi barabarani, bila kuwashusha chini, wakasikie bodaboda, waone mwavuli ukifunguliwa, wasalimiwe na mtu mwenye kofia na mtoto anayekimbia.

Yote haya anamfanyia mtu ambaye pengine bado hajamjua. Ndiyo maana humzuia mbwa asimpende yeye peke yake: chakula kinatolewa leo na kijana wake, kesho na mimi, keshokutwa na bibi wa nyumba ya pili. Mbwa anayemwamini mtu mmoja tu, siku ya kuhama huanza upya.

Wanaokuja kumchukua, wengi huingia kwenye lango lake wakitoka kwenye malango yao yaliyoandikwa "Mbwa Kali", na swali la kwanza ni moja: ni mkali? Jirani yangu hawadharau kwa swali hilo, maana wizi upo. Huwaeleza kwamba mbwa huyu hubweka mgeni akigusa geti, hunyamaza mwenye nyumba akitoka, na mtoto akianguka karibu naye hashtuki. Huwaonyesha cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha naye huuliza: mchana atakuwa wapi? Wakisema atafungiwa bandani hadi usiku uingie, huwakaribisha chai na kuwaambia kwamba huyu hatawafaa.