Mkono wa Payton, Jicho la Stockton

Mwaka 1996 Gary Payton wa Seattle SuperSonics alipewa tuzo ya mkabaji bora wa NBA, mchezesha timu wa kwanza kuipata. John Stockton wa Utah Jazz hakuwahi kuipata. Hata kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa msimu hakikumchukua: mara 5 aliwekwa cha pili, wakati Payton aliitwa cha kwanza mara 9. Lakini mipira aliyopora Stockton ni 3,265, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Payton alipora 2,445.

Kati ya hao wawili, ukabaji bora mimi nampa Payton. Alimpokea mdundaji mbali, karibu na mstari wa kati, magoti yamekunjwa, kiganja kwenye nyonga ya mtu, na mdomo haunyamazi. Mdundaji akizibiwa njia hugeuza mgongo ili aukinge mpira, na akishageuza mgongo hawaoni wenzake. Sekunde 24 za kushambulia zinakwisha. Pasi inapotoka imechelewa, na anayeipokea keshatoka mahali pake. Karatasi ya takwimu haina safu ya kuandikia hayo. Ni kweli waamuzi wa enzi ile waliuvumilia mkono kuliko wa sasa, ila ile miguu hakupewa na mwamuzi.

Stockton, wa sentimita 185 na kaptura fupi, aliwinda pasi. Alisimama pembeni kidogo ya njia ya mpira kama aliyepitiwa, mpigaji akaamini pana mwanya. Au alimnyemelea mrefu aliyepokea mpira chini ya kikapu, akangoja aushushe usawa wa kiuno. Ni kamari, na akiikosa njia ya kikapu inabaki wazi. Miaka yake ya mwanzo nyuma yake alisimama Mark Eaton, wa sentimita 224, kufuta makosa. Tena Stockton alikuwapo kazini: katika misimu 19, misimu 17 hakukosa mchezo hata mmoja. Rekodi ile ni ya jicho, na ni ya mahudhurio pia.

Fainali za 1996, Sonics wakiwa nyuma 3-0, kocha George Karl alimkabidhi Payton kazi ya kumkaba Michael Jordan wa Chicago Bulls. Seattle wakashinda michezo miwili. Wa sita Bulls walichukua ubingwa, lakini Jordan aliingiza 5 tu kati ya mitupo 19. Katika mfululizo wa filamu wa The Last Dance, mwaka 2020, Jordan alionyeshwa video ya Payton akisimulia habari hiyo, akacheka sana. Acheke, mitupo 14 ilikwenda kando.

Payton mwenyewe, akiulizwa nani alimpa shida zaidi kumkaba, amemtaja Stockton mbele ya Jordan. Anasema alimchokoza kwa maneno mchezo mzima, na Stockton hakumjibu.