Mgeni, Jina Lake na Kikasha cha Udi: Uhakiki wa Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea

Utangulizi

Riwaya ya By the Sea, yaani "Kando ya Bahari", ilichapishwa mwaka 2001, miaka ishirini kabla ya mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa miaka mingi akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Huenda msomaji akauliza kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinachosimulia habari za Waislamu wawili wa Zanzibar walioko ugenini, kina haja gani katika jarida la wachungaji. Jibu letu ni kwamba kitabu hiki kinauliza swali ambalo theolojia haiwezi kulikwepa: ni nani aliye wa jamaa, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua hivyo? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi riwaya inavyolijibu swali hilo, na mahali ambapo, kwa maoni yetu, jibu lake lina upungufu.

Neno "jamaa" mpakani

Saleh Omar, mzee wa miaka sitini na mitano, anatua katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina lisilo lake. Ameshauriwa asionyeshe kwamba anajua Kiingereza, kwa hiyo ananyamaza. Katika mzigo wake mdogo kitu cha thamani ni kimoja tu, kikasha cha udi, masalio ya maisha yake ya zamani ya biashara. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anamhutubia mzee huyu anayedhaniwa kuwa haelewi. Anamwambia kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania. Lakini wao, kwa hoja yake, walikuwa watu wa Ulaya, walikuwa wa jamaa, na hivyo walikuwa na haki ya kupokewa. Kisha anakichukua kile kikasha kiwe chake.

Hapa ndipo ustadi wa mwandishi unapoonekana. Edelman hapigi wala hatukani. Ni mtu mstaarabu, mwenye hoja zilizopangwa, na anaiba huku akizungumza kwa upole. Mwandishi hahitaji kutuambia kwamba amri ya saba imevunjwa na mlinzi wa sheria mwenyewe. Tena anatukumbusha, bila kupaza sauti, kwamba mali za watu wa pwani zimewahi kuchukuliwa namna hiyo hapo kale, na watu waliojiona kuwa ni walezi wa wengine.

Wala neno "jamaa" si porojo la afisa mmoja wa kubuniwa. Mwaka 1968, Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha kwa siku chache tu sheria iliyowazuia wenye pasipoti hizo kuingia kwa uhuru, isipokuwa wale ambao wao wenyewe, au mzazi au babu au bibi yao, walizaliwa au kupata uraia Uingereza kwenyewe. Sheria ya uhamiaji ya 1971 ikaitia nguvu kanuni hiyo ya nasaba. Kwa hiyo pasipoti ilikuwa moja, lakini damu ndiyo iliyosoma pasipoti. Ni haki kusema pia kwamba kanisa halikunyamaza lote: Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Michael Ramsey, aliipinga sheria ya 1968 ndani ya Baraza la Malordi.

Historia ya karibuni imeithibitisha riwaya zaidi. Mwezi Machi 2022, Uingereza iliwafungulia Waukraine milango, na wananchi wakaombwa wawapokee majumbani mwao. Jambo jema kabisa. Mwezi Aprili mwaka uleule serikali ileile ikatangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda watu waliofika kwa njia zisizoruhusiwa kuomba hifadhi. Maaskofu wa Kanisa la Anglikana walioko katika Baraza la Malordi waliulaani mpango huo, Mahakama Kuu ya Juu ikauona kuwa haramu mwezi Novemba 2023, na serikali mpya ikauacha mwaka 2024. Anayesoma hoja ya Edelman leo ataona kwamba mwandishi aliisikia mapema.

Baadhi ya wanaoitetea hoja hiyo husema wanalinda Ulaya ya Kikristo. Tuwapime kwa takwimu zao. Katika sensa ya England na Wales, waliojiita Wakristo walikuwa asilimia 71.7 mwaka 2001. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 46.2. Waislamu mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.5, lakini waliosema hawana dini walikuwa asilimia 37.2. Basi aliyeyaacha madhabahu kwa kiasi kikubwa si mgeni aliyeingia, bali ni mwenyeji aliyetoka. Ukristo unaotetewa mpakani na watu wasiouhitaji Jumapili umekwisha kugeuka kuwa jina la ukoo.

Mgeni naye si malaika

Lau riwaya ingeishia hapo, ingekuwa mashitaka tu. Lakini Gurnah anatupeleka nyuma, Zanzibar, na huko tunagundua kwamba jina analolitumia Saleh ni la Rajab Shaaban Mahmud, mtu ambaye nyumba yake Saleh aliipata kwa njia ya mkopo na hati za dhamana alizopewa na mfanyabiashara wa kigeni. Alikuwa na haki kisheria. Kama alikuwa na haki mbele ya jirani yake, hilo ni swali jingine. Baadaye jamaa wa Rajab, wakiwa na mtu wao serikalini, wanaipata nyumba, na Saleh anatupwa gerezani kwa miaka mingi. Anapotoka, mkewe na binti yake wamekwisha kufa.

Sisi tuliofundishwa kwamba mwanadamu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, hatuna budi kuushukuru uaminifu huu. Wako wahubiri wanaomtetea mkimbizi kwa kumpamba utakatifu, na siku dhambi yake inapojulikana utetezi wote huanguka. Gurnah hafanyi hivyo. Saleh anastahili hifadhi, na wakati huohuo ana deni. Hakuna moja linalofuta jingine.

Mazungumzo ya ndugu

Kilele cha kitabu ni mazungumzo. Rachel Howard, anayewasaidia wakimbizi kisheria, anamtafuta mtu ajuaye Kiswahili ili amfasirie mzee huyu, na mtu huyo ni Latif Mahmud, mhadhiri wa London na mtoto wa Rajab Shaaban halisi. Hebu fikiri: mtu anaambiwa kwamba marehemu baba yake amefika Uingereza kuomba hifadhi! Latif anakwenda akiwa na hasira ya ukoo mzima. Lakini wanaketi, wanakunywa chai, wanasimuliana. Kila mmoja anaisikia habari yake mwenyewe kutoka upande wa pili, na chuki inapungua nguvu kidogo kidogo.

Luther, katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, aliyataja mazungumzo na faraja ya ndugu kuwa mojawapo ya njia ambazo Injili hutufikia. Hatusemi kwamba Gurnah ameandika Injili, wala hatutaki kuwabatiza Waislamu wake wawili kwa kalamu. Tunasema kwamba ametuonyesha kwa uwazi kazi ambayo sharika nyingi zimeisahau: kumkalisha mtu na mshitaki wake mpaka ukweli usemwe.

Upungufu wa riwaya

Hata hivyo yapo mambo mawili yanayotutatiza. La kwanza ni wanawake. Asha, mama yake Latif, ambaye mwenendo wake na waziri mmoja unabeba sehemu kubwa ya kisa, anasemwa na kila mtu, naye hapewi nafasi ya kujieleza. Wanaume wawili wanapatana juu ya sifa ya mwanamke asiyeweza kujibu. Upatanisho wa namna hiyo ni nusu.

La pili ni kwamba upatanisho wenyewe unafanyika chumbani, kati ya watu wawili. Hakuna msikiti wala kanisa linaloshiriki kwa maana yoyote. Yawezekana mwandishi ameieleza Uingereza kama alivyoiona, na hilo ni hukumu juu yetu. Lakini mgeni hawezi kuishi kwa rafiki mmoja. Anahitaji jumuiya inayomtambua kwa jina lake mwenyewe, awe wa dini hii au ile.

Hitimisho

Riwaya hii inawafaa wanafunzi wetu wa theolojia, na hasa wachungaji wanaotumwa kuhudumu Ulaya. Inafaa pia hapa nyumbani. Latif, alipokuwa mwanafunzi Ujerumani ya Mashariki, alipokewa na familia ya Dresden iliyowahi kuishi Kenya kama walowezi na kisha ikang'olewa kwao baada ya vita. Jambo hilo latukumbusha kwamba Shirikisho la Walutheri Duniani liliundwa Lund mwaka 1947 katikati ya wakimbizi wa Ulaya. Na kwamba lilipoanzisha huduma ya wakimbizi Tanganyika mwaka 1964, ile TCRS, lilikuwa linaendeleza kazi ambayo watu wake wenyewe waliwahi kuihitaji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Edelman, mtoto wa wakimbizi, alijiwa na mgeni wake, akabaki na kikasha cha udi, uponyaji ukampita. Kila usharika unaohesabu jamaa yake kwa ukoo, kabila au pasipoti, na ujiulize unabaki na nini mkononi.