Shokapu Mpya ya Stelingi Haiponyi Ekseli Iliyolegea

Gari liko kilomita 90 kwa saa, lami imenyooka. Gurudumu la kushoto linapita kwenye kiungo cha daraja, na papo hapo usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuifuata. Bodi lote linatetemeka, vioo vya pembeni havionyeshi kitu, na gari linaanza kutafuta njia ya pili. Dereva akipunguza mwendo mpaka kilomita 40 au 30, linatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa kawaida safari huishia gereji, na jibu huwa tayari: shokapu ya stelingi imekufa. Inafungwa mpya, gari linatulia, mwenye gari analipa kwa moyo mweupe. Baada ya muda mtikisiko unarudi, safari hii ukiwa mkali zaidi. Shida ni kwamba shokapu ile haikuwa chanzo. Kazi yake ilikuwa kumeza nguvu ya mtikisiko uliozaliwa mahali pengine, na ilipochoka ikaacha kuficha.

Gogo moja, magurudumu mawili

Si kila pikapu yenye hatari hii. Hilux za miaka hii zina mbele iliyogawanyika: kila gurudumu linapanda na kushuka kwa mikono yake. Usukani wa gari la namna hiyo ukitetemeka, mara nyingi ni balansi, diski za breki zilizopinda au tairi lililovimba. Ni kero, lakini mara chache hufikia kumnyang'anya dereva gari.

Tunachozungumzia hapa ni cha magari yenye ekseli nzima mbele, yaani gogo moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwetu, mkubwa wao ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ambayo Tanzania wengi wanaiita mkonga. Tangu 1999 pikapu ya 79 imefungwa springi za koili mbele badala ya zile za majani. Nissan Patrol na Land Rover Defender za zamani ziko kundi hilo hilo. Marekani wapo Ford F-250 na F-350 za magurudumu manne, Ram kubwa, na Jeep Wrangler.

Springi za majani zenyewe huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili haiwezi, inabeba uzito tu. Kwa hiyo ekseli ya koili hushikwa na mikono miwili mirefu inayoizuia isirudi nyuma, na chuma kimoja cha kulala kinachotoka kwenye chesisi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Hicho ndicho panhadi, na kazi yake ni moja: kuzuia ekseli isitembee kushoto na kulia chini ya gari. Kila mwisho wake una bushi ya mpira, na mpira huo ndio unaokufa kwanza.

Jinsi mtikisiko unavyojilisha

Gurudumu linalozunguka kwa kasi lina ukaidi. Ukiliinamisha, halikubali kuinama tu, linajibu kwa kutaka kugeuka upande. Ukiligeuza upande, linajibu kwa kutaka kuinama. Kwenye mbele iliyogawanyika, gurudumu likigonga kitu hupanda karibu wima, kwa hiyo ukaidi huu hauna pa kuanzia. Kwenye ekseli nzima, gurudumu la kushoto likipanda, gogo lote linalala, na magurudumu yote mawili yanainama pamoja. Kuinama kunazaa kugeuka, kugeuka kunazaa kuinama upande wa pili, na mzunguko umeshaanza.

Katika gari zima mzunguko huo hufa ndani ya sekunde moja kwa sababu msuguano wa viungo unaumeza. Katika gari lililolegea, kila mpigo unapata nguvu kidogo zaidi ya ile iliyopotea. Nguvu hiyo inatoka kwenye mwendo wa gari lenyewe, kupitia tairi linalosukumwa na lami kwa pembe. Ni kama mtoto kwenye bembea: anayesukuma kwa wakati wake hahitaji nguvu nyingi ili bembea ipande juu sana.

Hesabu inaonyesha kwa nini mwendo wa barabara kuu ndio wenye balaa. Tairi la 7.50R16 lina mduara wa karibu mita 2.5. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara 10 kwa sekunde. Mdundo wa asili wa ekseli ya aina hii ikiruka upande mmoja baada ya mwingine uko jirani na hapo hapo. Sasa weka gramu 50 za matope yaliyokauka ndani ya ukingo wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati. Katika mwendo huo zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 4, mara 10 kila sekunde. Kwa kilomita 45 nguvu hiyo ni kilo 1 tu, na wala haipigi kwa mdundo wa ekseli. Ndiyo sababu gari linalotulia mjini linaweza kuchachamaa likifika lami ndefu.

Ndiyo sababu pia magari yanayoshinda kwenye rasta, zile barabara za vumbi zenye mawimbi, ndiyo yanayolalamikiwa zaidi yakirudi kwenye lami. Rasta inamaliza bushi na beringi kimya kimya katika mwendo mdogo. Lami haikuharibu kitu, imefichua tu.

Wahandisi waliliua, kisha wakaliacha hai kwa makusudi

Tatizo hili ni la zamani. Miaka ya 1920 magari yalipata breki za mbele, zilizoongeza uzito kwenye ekseli, na matairi mapana yenye upepo mdogo. Mitikisiko ya mbele ikazagaa. Mfaransa Georges Broulhiet aliichambua mwaka 1925, na katika kazi hiyo alieleza jambo ambalo leo ni msingi wa elimu ya magari: tairi linalopinda haliendi kule linakoelekea hasa, linateleza kwa pembe ndogo.

Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kuingia Cadillac mwaka 1930, alikuwa miongoni mwa waliosukuma tiba ya moja kwa moja: kuondoa gogo. Magari ya General Motors ya mwaka 1934 yakatoka na mbele iliyogawanyika, na kwenye magari madogo ugonjwa ukapungua hadi watu wakausahau.

Kwenye magari ya kazi gogo lilibaki, na si kwa uzembe. Ekseli nzima inabeba mzigo, inavumilia mawe, inafunguliwa na kufungwa porini kwa spana chache, na gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linasukumwa chini kushika ardhi. Anayenunua sifa hizo ananunua pia sharti lake: viungo vyote vikaze, siku zote.

Marekani sharti hilo limefika mahakamani. Juni 2019 wamiliki wa Ford F-250 na F-350 walifungua kesi ya pamoja California, wakidai kwamba magari ya kuanzia 2005 hadi 2019 yana kasoro ya mbele inayosababisha mtikisiko huo, ambao kule wanauita mtikisiko wa kifo. Mwaka huo huo watengenezaji wa Jeep walitangaza kuwafungia bila malipo wenye Wrangler mpya shokapu ya stelingi ya muundo mwingine. Tazama tiba iliyochaguliwa: shokapu. Kwa gari jipya lenye viungo vinavyokaza, kuongeza uwezo wa kumeza mtikisiko kuna mantiki. Tatizo ni kuichukua tiba hiyo na kuipeleka kwenye gari lenye kilomita laki tatu na bushi zilizopasuka.

Ukaguzi wenye mpangilio

Fundi mwenye utaratibu huanza na vya bei ndogo. Kwanza upepo: matairi ya mbele yawe sawa kushoto na kulia, na kwa kiwango cha gari, si cha mkono wa kijana wa kujaza upepo. Pili, rimu zioshwe ndani. Tatu, balansi, na kuangalia tairi lililolika kwa mabaka. Kubadilisha matairi ya mbele na ya nyuma kisha kuendesha ni kipimo cha bure: tabia ikibadilika, umepata mhusika mmoja, ingawa pengine si pekee.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na inahitaji watu wawili. Gari lisimame chini kwa magurudumu yake, si kwenye jeki, kwa sababu uzito ndio unaofichua ulegevu. Injini iwake, hendibreki ivutwe, vizuizi viwekwe kwenye matairi ya nyuma. Mmoja anazungusha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kupumzika. Wa pili analala chini na kuweka vidole kwenye kila kiungo kwa zamu, nusu upande huu wa kiungo, nusu upande ule. Jicho hudanganywa kwa urahisi. Kidole kinahisi hata nusu milimita. Anaanza na boksi la stelingi na boliti zake kwenye chesisi, anakwenda kwenye tairodi zote, kisha panhadi.

Kwenye panhadi asiharakishe. Boksi la stelingi limefungwa kwenye chesisi, magurudumu yako kwenye ekseli. Ekseli ikiteleza pembeni milimita 3 kwa sababu bushi imekufa, ile fimbo inayotoka kwenye boksi inabaki pale pale, kwa hiyo magurudumu yanageuka yenyewe. Kwa mkono wa stelingi wenye urefu wa sentimita 15, milimita 3 ni zaidi ya digrii moja ya kugeuka ambayo dereva hakuiomba. Tundu la boliti lililopanuka lina madhara yale yale, na bushi mpya haitalitibu. Boliti ya panhadi hukazwa mwisho gari likiwa chini kwenye uzito wake. Ikikazwa likiwa juu, mpira unajipinda na kuchanika mapema.

Sasa gari lipandishwe, ekseli iwekwe kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani zile mbili, ya juu na ya chini, zinazobeba kiungo cha gurudumu kinapogeuka. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo unaelekeza kwenye tairodi.

Beringi za kingpini ndizo zinazosahaulika zaidi kwenye mkonga. Mtengenezaji hakuzikusudia zigeuke kwa wepesi. Zinakandamizwa kwa shimu nyembamba ili kiungo kiwe kizito kidogo kugeuka, na uzito huo ndio shokapu ya kwanza ya gari, kabla ya ile ya kununua. Kipimo chake ni rahisi: tairodi inafunguliwa, mizani ya springi inanasishwa kwenye mkono wa stelingi, unavuta na kusoma nguvu inayohitajika kuanza kugeuza. Namba inalinganishwa na kitabu cha ufundi cha gari husika. Kiungo kinachogeuka kwa kidole kimoja hakina tena mkandamizo. Ukiona pia mchanganyiko mweusi wa grisi na oili ukichuruzika kwenye mpira wa chuma nyuma ya gurudumu, sili ya ndani imeachia, oili ya difu imeosha grisi, na beringi hizo zinasagika.

Mwisho ni pembe. Aliyeinua gari kwa springi ndefu ameizungusha ekseli pia, kwa sababu mikono inayoishika inazunguka kwa duara. Kasta, yaani mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma, inapungua, usukani haurudi katikati, gari linatangatanga. Wengine hurekebisha kwa kuzidisha kasta kupita kiasi, na hilo nalo linaweza kuchochea mtikisiko, kwani tairi linavutwa kwa nguvu zaidi kila linapogeuka. Alaimenti ipimwe baada ya viungo kukazwa. Ikifanywa kabla, mashine inapima ulegevu.

Ukishikwa njiani

Usikanyage breki kwa nguvu, kwani uzito wote unahamia kwenye ekseli inayotikisika. Shika usukani imara kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nje ya mikono ya usukani, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, acha mwendo ushuke na usogee pembeni. Usishangae ukishuka chini ya ile kilomita 90 lilipoanzia na bado linapiga. Mzunguko ulioshika kasi unahitaji mwendo mdogo zaidi kufa kuliko ule uliouzaa. Na ukishatulia, usirudi kwenye kilomita 90 kwa sababu tu sasa limenyamaza.

Gereji, kabla ya kulipia shokapu, omba kitu kimoja: wafungue ile ya zamani, wafanye ukaguzi wa viungo bila hiyo, na wakuonyeshe kwa kidole chako mwenyewe panapocheza. Gari lenye viungo vinavyokaza na magurudumu yenye balansi halipaswi kutegemea shokapu ya stelingi ili linyooke; shokapu ipo kwa ajili ya kupunguza mapigo ya mawe na mashimo mikononi. Fundi akishindwa kukuonyesha panapocheza na bado anataka kuuza shokapu, hajapata ugonjwa. Akikuonyesha, rekebisha hapo kwanza. Shokapu ikihitajika ifungwe baadaye, na itadumu kwa sababu haitakuwa ikibeba kazi ya bushi.