Tujifunze kwa Karama
Sisi wa Lobule, kule Koboko, tukiandikia ofisi barua, salamu zinajaza nusu ukurasa. Shida inakuja mwisho, msomaji ameshachoka. Jamani, someni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, anaweza kupoteza maisha. Anawataja wajumbe sita, mmoja mmoja: alitumwa wapi, aliona nini, aliporudi akafungwa. Basi. Mwishowe wafungwa wanaachiliwa. Kweli, Shaaban anapenda mapambo. Pengine anaweka maneno matatu pale linapotosha moja. Hayo tumwachie mwenyewe. Sisi tuchukue mpangilio: nani, wapi, nini kilitokea, unaomba nini. Salamu mstari mmoja tu, heshima haitapungua.