Hongera, Mama Mwenyekiti wa Jumuiya

Maaskofu Katoliki wa Afrika ya Mashariki (AMECEA) walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, sidhani kama waliwaza migomba ya Matombo, kwenye milima ya Uluguru, inayokatwa usiku. Kesi za namna hiyo zimemwangukia mama mwenyekiti wa jumuiya. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, mashamba yamebanana mteremkoni, na jirani mkorofi mara nyingi ni mtoto wa mama mkubwa.

Anayeonewa akitoa nia yake ya sala jumuiyani, mama hamruhusu kutaja jina. Si wote wanalijua? Anamshika mkono, anamwombea usingizi na ulimi mtulivu, kisha, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, anamwombea yule mwingine afya na mvua. Nimeisikia "amina" hiyo ikitoka kwa shingo upande.

Kesho yake anapanda mlima na chane ya ndizi hadi kwa mkorofi, anauliza hali ya watoto, neno la mpaka haligusi. Hilo analiachia wazee wa ukoo na baraza la ardhi la kijiji. Ila akipanga zamu za nyumba za kusalia, ya mkorofi huiweka wiki inayofuata.