Barghash na Manowari za Wajerumani

Wapo wanaomwita Sayyid Barghash bin Said mwoga, kwa kuwa Agosti 1885, manowari za Kijerumani zilipotia nanga Unguja, aliyakubali madai yao ya bara bila ya kupigana. Hukumu hiyo si ya uadilifu. Fiqhi inaruhusu sulhu Waislamu wanapokuwa dhaifu, na dalili ni Hudaibiya. Lakini ile ilikuwa na muda, miaka 10, na Waislamu wakapata nguvu ndani yake. Barghash hakupata muda wala nguvu. Uingereza aliyoitegemea iligawana bara na Ujerumani mwaka 1886. Mwaka 1890, yeye ameshafariki, mwambao wa Tanganyika, Dar es Salaam ikiwemo, ukachukuliwa kwa marka milioni 4. Kosa lake si sulhu, bali ni mdhamini aliyemchagua.